Themostati ya Mviringo na Usingizi wa Mama Pendo

Jumatatu, 3 Februari

Kosa wanalofanya watu wengi wakichagua themostati ni kuchagua kwa macho. Wanaona kitu kinang'aa, mkono unakwenda mfukoni. Mimi sivyo. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na minne. Utaratibu naujua. Kwanza ijue mashine yako. Pili ijue nyumba yako. Tatu ndipo ukatafute kifaa. Sura inakuja mwisho kabisa. Sura huangaliwa wakati wa kuposa, na hata huko wengi wamekosea. (Si mimi. Yuliana huwa anasoma daftari hili.)

Nieleze kwa faida ya wajukuu. Themostati ni kifaa kidogo cha ukutani. Kinahisi joto la chumba, kisha kinaiamuru mashine iwake au izime. Zile za kisasa zinaungwa na simu, na nyumba yangu tayari ni nyumba janja. Binti yetu Pendo, aliyeko Mbeya, alitufungia mitambo hiyo Krismasi. Taa ya sebuleni inawaka nikiiamuru kwa simu. Taa ya jikoni nayo inawaka, ingawa hiyo sikuiamuru. Ni mwanzo mzuri.

Sasa sababu ya haraka yangu. Yuliana yuko kwao Mgeta, milimani. Alipanda tarehe mbili Januari kuyatazama maharage, siku nne tu. Leo ni siku ya thelathini na tatu. Huko analala na mablanketi mawili. Hapa Kihonda, Morogoro mjini, saa nane mchana, bati linalia kama sufuria. Kiyoyozi tunacho chumbani, lakini Yuliana anasema hakina akili, ama kinamgandisha ama kimenuna, na mimi nakaa na rimoti kama mgambo na kirungu.

Jana alipiga simu. Kasema hana ugomvi. Kanikumbusha tu kwamba kwa Waluguru ardhi ni ya upande wa mama, kwamba tangu dada yake afariki yeye ndiye mkubwa wa ukoo, kwamba nyumba ya mama yao ipo na ina chumba, na kwamba mume kumfuata mkewe si jambo geni kule. Kwangu hasa si geni. Nilipomwoa nilimfuata msimu mmoja. Mkwe kule hapewi kiti, anapewa tuta. Miteremko ile ukiangusha kiazi unakwenda kukiokota bondeni. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Sasa nina sabini na moja.

Tumeafikiana. Jumapili ya tarehe kumi na sita atashuka. Atalala usingizi wa saa nane mchana, chumbani kwetu. Akilala vizuri, anabaki. Akiamka na jasho, anarudi Mgeta, na mimi nyuma yake na begi.

Siku kumi na tatu. Kwa mtu wa utaratibu ni nyingi mno.

Jumanne, 4 Februari

Siku ya vipimo. Nimetoa kipimajoto cha maabara nilichoagwa nacho shuleni. (Hawakujua kwamba wameniaga nacho.) Nimepima kila chumba kila saa, nikachora grafu. Saa tano: sebule 31. Saa sita: sebule 33. Saa nane: chumba cha kulala 36.8. Nikashtuka. Hizo ni nyuzi za mwili wa binadamu. Nikapima tena, 36.8. Nikagundua nimeshika mahali penye zebaki. Kipimo sahihi: 34. Grafu nimeiacha ilivyo, kwa kuwa mstari ulipanda vizuri.

Jioni picha imeingia kwenye simu. Imetoka kwa Kondo, kaka yake Yuliana, msimamizi wa mambo ya ukoo. Picha ya jembe. Jembe lina mpini mpya, mweupe, umepigwa msasa. Chini kaandika: La shemeji.

Sikujibu. Mwalimu hajibu uchokozi wa wanafunzi wa nyuma.

Alhamisi, 6 Februari

Dukani. Duka la vifaa vya umeme ni la Natwarlal, rafiki yangu wa miaka thelathini na mpinzani wangu wa drafti kwa muda huohuo. Kwa sasa linaendeshwa na mkwewe Drashti, mwanamke msikivu, angefaa sana kuwa mwanafunzi wangu. Natwarlal kazi yake ni kukaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni na kutoa maoni.

Drashti kaniamkia shikamoo Mwalimu, nikaitikia, nikamweleza mahitaji kwa dakika ishirini. Kasikiliza yote. Kisha kaleta vitu viwili.

Cha kwanza: kipande cheupe cha plastiki, mfano wa sabuni ya kufulia iliyotumika nusu. Kinawekwa juu ya meza, kinahisi joto, kinakiamuru kiyoyozi kwa mwanga uleule wa rimoti. Hakuna waya. Drashti kasema hicho ndicho kinachofaa kiyoyozi cha aina yangu.

Cha pili kilikuwa ndani ya kabati la kioo, na kimekaa humo miaka miwili. Cha mviringo. Kioo cheusi. Ukingo wa chuma unaozungushwa kwa vidole viwili, kik kik kik, na namba zinatokea katikati kama nyota.

Nilikuwa bado napima hoja za pande zote mbili. Ndipo Natwarlal akapaza sauti kutoka mlangoni, nichukue sabuni. Kasema Mwalimu, umri wetu huu ni wa sabuni.

Basi shauri likaisha. Nikasema nitachukua cha mviringo.

Drashti kajaribu, kwa adabu. Kasema samahani Mwalimu, hicho kimetengenezwa kwa nchi za baridi. Kule nyumba zina tanuru, na hicho kinaamuru moto, hakiamuru ubaridi. Nikamkalisha. Nikamweleza kwamba baridi si kitu. Duniani hakuna kitu kinachoitwa baridi. Kuna joto, na kuna upungufu wa joto. Ni mada ya kidato cha pili. Kifaa kinachojua joto kinajua vyote viwili, kama mtu anayejua kuhesabu kwenda mbele anavyojua kuhesabu kurudi nyuma. Drashti kanyamaza. Hoja ikimwingia mtu, hunyamaza.

Natwarlal hakunyamaza. Aliiona picha ya jembe kwenye simu yangu nikitafuta vipimo, akaicheka hadi miwani ikamdondoka. Kisha akatamka mbele ya wateja wanne: hicho kidude kikimlaza Mama Pendo, jembe la Mgeta nalibeba mimi. Nikamuuliza kama anajua anasema nini. Kajibu kwamba yeye tangu azaliwe hajala maneno yake akishayatamka, ana kisukari, anachagua vya kula.

Wateja wanne ni mashahidi. Nimeandika majina yao.

Ijumaa, 7 Februari

Fundi Abdi amekuja kufunga. Fundi mzuri, ila ana tabia ya kusimama katikati ya kazi akasema mmh. Amesema mmh mara saba. Kasema nyaya za kifaa hiki zina alama za tanuru. Nikamweleza kuhusu baridi na upungufu. Kasema mmh, mara ya nane.

Tumeafikiana hivi: kiyoyozi nimekiweka kwenye nyuzi za chini kabisa kwa rimoti, halafu umeme wake unapitia swichi inayoamriwa na themostati. Themostati ikisema washa, kinawaka. Ikisema zima, kinazima. Rimoti nimeitia kwenye droo ya soksi. Zama za rimoti zimekwisha katika nyumba hii.

Ukutani inapendeza mno. Nimekaa kitandani nikaitazama hadi chakula kikapoa.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeweka ishirini. Chumba kina thelathini na nne. Kiyoyozi kimya.

Nimengoja saa moja. Kimya.

Nimesoma kitabu chake. Kina lugha kumi na moja, yetu haimo, lakini Kiingereza ninacho. Ukurasa wa tisa umeeleza kila kitu. Kifaa hiki kinajifunza. Kwa siku saba kinatazama tabia za wenye nyumba, kisha kinazifuata. Kumbe hakijakataa kazi. Kiko darasani.

Basi nikaanza kukifundisha. Nilivaa sweta, na kofia ya sufu aliyonifumia Yuliana, nikakaa mbele yake kuanzia saa saba hadi saa kumi, kijue kwamba watu wa nyumba hii ni watu wa baridi. Jasho lilinitoka hadi kwenye viatu. Mwalimu mzuri hutangulia kwa mfano.

Abdi alirudi kufuata bisibisi yake. Alinikuta. Akauliza kwa upole kama nimepima malaria. Nikamweleza. Aliondoka bila bisibisi.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeshusha hadi kumi na tano. Kimya. Kumi. Kimya. Kadiri ninavyoshusha ndivyo kinavyozidi kutulia, kama mwanafunzi anayeulizwa swali gumu.

Drashti amepiga simu. Kasema akinibadilishia na ile nyeupe hakuna neno lolote, nilete tu boksi. Nyuma yake nilisikia kikohozi ninachokifahamu. Natwarlal akicheka hukohoa. Nikamjibu Drashti kwamba wanafunzi wazito ndio wanaofika mbali.

Yuliana naye amepiga. Kauliza naendeleaje na mambo yangu ya ukutani. Nikaanza kumweleza kanuni ya kifaa kinachojifunza. Nilipofika hatua ya tatu mtandao ulikatika. Mtandao wa Mgeta ni mbaya sana. Huwa unakatika nikifika hatua ya tatu.

Picha nyingine kutoka kwa Kondo. Jembe lilelile. Pembeni kuna mabuti.

Nakiri katika daftari hili tu: leo mchana nilikaa upande wake wa kitanda. Kuna alama yake kwenye godoro, kwa kuwa miaka mingi amelala pembeni kabisa, karibu na dirisha. Nikatazama nje kama anavyotazama. Mlima unaonekana kutoka pale. Sikuwahi kujua.

Jumatano, 12 Februari

USHINDI.

Nieleze hatua kwa hatua. Saa nne asubuhi nilikuwa nafuta vumbi kwenye kioo. Kitambaa kikanasa ukingo. Namba zikakimbia, kik kik kik, hadi thelathini na tano. Kiyoyozi kikanguruma.

Sikugusa kitu. Nilisimama na kitambaa mkononi. Baada ya dakika kumi: nyuzi 29. Saa moja baadaye: 23. Saa sita mchana: 19. Katika nyumba ya bati, Kihonda, mwezi wa pili.

Nikashusha namba hadi kumi na tano. Kikazima. Nikapandisha hadi thelathini na tano. Kikawaka. Nimerudia mara tano, na jaribio lililorudiwa mara tano ni sayansi. Hitimisho: ukitaka baridi, omba joto. Nimeiita Kanuni ya Kinyume. Katika nchi zao unapanda namba nyumba inapata moto. Sisi tuko karibu na ikweta, jua liko upande mwingine, kifaa kinageuka. Ajabu kwamba hakuna aliyewahi kuandika jambo hili.

Simu yangu inaonyesha ujumbe: Nyumba yako inapashwa joto. Chini yake: 19. Nikatabasamu.

Nimempigia Drashti kumpa taarifa. Kasema ndiyo Mwalimu, hivyo ndivyo. Kifaa kinadhani kinawasha tanuru. Kinaona chumba hakijafika thelathini na tano, kinaongeza moto, lakini moto wenyewe ni kiyoyozi. Chumba kinazidi kupoa, kinazidi kuongeza. Kasema hakitazima kamwe mpaka nikizime mimi. Nikamshukuru kwa kuieleza kanuni yangu vizuri kiasi hicho.

Ijumaa, 14 Februari

Marekebisho madogo.

Ni kweli hakizimi. Jana nilikiacha kikiwaka tangu asubuhi. Kufika jioni upepo ulikuwa umekwisha lakini ngurumo ipo. Nikapanda kwenye stuli, nikafungua mfuniko. Ndani mmeota barafu, nene kama tofali. Barafu, Morogoro. Nimeipiga picha na kumtumia Kondo bila maneno.

Barafu ikiyeyuka inadondosha maji. Nimeweka beseni la bati chini yake, lile ambamo Yuliana huloweka maharage. Tatizo limekwisha.

Kuhusu kuzima, nimeweka utaratibu. Kila baada ya dakika arobaini naingia chumbani, nasoma kipimajoto cha maabara, nashusha namba au naipandisha. Nimefanya hivyo siku nzima na joto halikutoka kati ya 20 na 22. Mtambo sasa unajiendesha wenyewe kabisa, mradi niwepo.

Natwarlal alipita na mkongojo wake, anasema alikuwa njiani. Njiani kwenda wapi, hakueleza. Nikamwingiza chumbani. Alisimama dakika mbili. Akafunga kifungo cha juu cha shati. Akauliza kama Mgeta kuna choo cha kukaa.

Jumapili, 16 Februari

Naandika jioni.

Kiyoyozi nilikiwasha alfajiri kabla ya misa. Saa tano Yuliana ameshuka na lori la kabichi, yeye kiti cha mbele kwa dereva, Kondo juu ya mzigo. Kondo kaleta jembe. Kalibeba begani kutoka barabara kuu hadi kwangu, mtaa mzima unatazama. Kaniamkia, kaliegemeza ukutani karibu na mlango, kasema shemeji, halina haraka, linangoja tu.

Yuliana kaleta njegere na pichi. Kanenepa kidogo. Nimemweleza kwamba amenenepa. Kasema asante, Baba Pendo, nilikuwa sijui.

Saa saba Natwarlal amefika na Drashti, kama mashahidi. Tumekula wali na njegere. Kila mtu alitazama saa na kila mtu alijifanya hatazami.

Saa nane kamili Yuliana kaingia chumbani. Nyuzi 19. Kaitazama themostati, imeandika 35, akanitazama mimi. Nikafungua mdomo nimweleze Kanuni ya Kinyume. Kainua kidole kimoja. Kasema mkataba ni kulala, si kufundishwa. Kafunga mlango.

Saa nane na dakika sita umeme ulikatika.

Ngurumo ya kiyoyozi ikafa. Feni ya sebuleni ikazunguka, ikazunguka, ikasimama. Natwarlal kajikunyata kwenye kiti kwa furaha kama mtu aliyepata kete tatu kwa mpigo. Kondo kanyanyua jembe, kalipangusa mpini kwa kiganja, kalirudisha. Nje jua linawaka.

Nilikwenda mlangoni kwa ncha za vidole. Nilitaka kuingia, nimweleze kwamba huu si upungufu wa mtambo, ni upungufu wa umeme, vitu viwili tofauti. Mkono ulikuwa kwenye kitasa. Kisha nikasikia sauti ndani. To. To. To. Barafu inayeyuka, inadondoka kwenye beseni la maharage. Nikajua nikifungua mlango nitamwamsha. Nikiongea nitamwamsha. Nikikohoa nitamwamsha. Nikakaa chini kwenye korido, mgongo ukutani, mkono juu ya mdomo wangu mwenyewe.

Nilikaa hivyo saa mbili na nusu. Sijawahi kunyamaza muda mrefu kiasi hicho nikiwa macho. Hata kwenye usimamizi wa mtihani huwa nasema zimebaki dakika kumi.

Saa tisa bati likazidi kulia. To. To. To. Saa kumi Kondo alikuja kunichungulia, akanionyesha kwa ishara: ametoka? Nikatikisa kichwa. Akakaa naye chini. Drashti akaleta maji kwa vikombe, bila kugonganisha. Natwarlal peke yake alibaki sebuleni, na kadiri dakika zilivyokwenda nikasikia kiti chake kikilia zaidi na zaidi.

Saa kumi na nusu mlango umefunguliwa. Yuliana. Kitambaa kimepinda kichwani, shavu lina alama ya mto. Jasho hakuna. Nilitazama kwanza paji la uso, kisha shingo. Hakuna.

Katukuta tumejipanga kwenye sakafu kama wagonjwa wa zahanati. Kauliza nani amekufa.

Nikamuuliza kama amelala. Kasema hajalala hivyo katika nyumba hii tangu tuijenge. Kasema yale maji. Nyuma ya nyumba ya mama yake kuna mfereji, na mfereji ule ndio uliomlaza utotoni, na leo kausikia Kihonda. Kisha kakaa karibu nami, pale pale kwenye sakafu, kaninong'oneza, lakini Kondo ana masikio na amesikia. Kasema joto amelizoea miaka arobaini na mitano. Kilichomshinda ni kwamba kila akipinduka kitandani kuna mtu anamweleza kwa nini amepinduka. Kasema, Baba Pendo, leo nyumba hii ilikuwa na masikio, haikuwa na mdomo. Ikiwa hivi, nabaki.

Anabaki.

Nikamshika mkono, na Kondo akaangalia dari.

Kisha nikamweleza. Nimemweleza kwamba themostati ilikuwa imekipoza chumba tangu alfajiri, kwamba kuta za tofali hutunza ubaridi, na kwamba barafu, ikiyeyuka, huchukua joto la chumba bila yenyewe kupanda nyuzi, jambo linaloitwa jotofiche, na kwamba hata kukatika kwa umeme kulikuwa ndani ya uwezo wa mtambo. Nilieleza kwa muda wa saa moja na robo. Kasinzia tena kabla sijamaliza. Mtambo huu una nguvu sana.

Jumatatu, 17 Februari

Deni la heshima hulipwa. Natwarlal alijaribu kusema kwamba aliyemlaza Mama Pendo ni beseni, si kidude. Drashti, mkwewe mwenyewe, kamkatiza. Kasema baba, wateja walikuwa wanne, na wawili walionunua waya asubuhi hii wameuliza unaondoka lini.

Kaondoka saa nane na lori tupu linalopanda, kiti cha mbele, na jembe kati ya magoti kama mwavuli. Drashti kamfungia dawa zake na chapati kumi na mbili. Kondo, aliyepanda naye, kamwita mkwe. Yuliana kamvalisha sweta langu. Nikampungia mkono hadi vumbi likaisha.

Yuliana ameweka sheria moja tu: kuanzia saa nane hadi saa kumi alasiri, hakuna maneno katika nyumba hii. Nimekubali papo hapo, na nikamweleza faida tano za sheria hiyo.

Kuhusu themostati, kasema ibaki ukutani kwa kuwa inaziba tundu la Abdi, ila isiguswe. Rimoti ameitoa kwenye droo ya soksi, akaificha, sijui wapi. Beseni liko mahali pake, na juu yake amening'iniza kopo la maji lenye tundu dogo. To. To. Kifaa changu kimepata msaidizi.

Jumatano, 19 Februari

Picha kutoka kwa Kondo. Natwarlal amesimama kwenye mteremko, suruali ina mkunjo wa pasi, jembe kalishika mbali na mwili kama mtu anayemwondoa nyoka. Nyuma yake ukungu. Maelezo ya Kondo: Mkwe mpya. Amelima tuta moja. Amekaa. Anaomba chai.

Saa moja baadaye sauti ya Natwarlal mwenyewe. Kasema baridi ni tamu. Kasema amelala kama kichanga, mablanketi matatu. Kasema sukari yake imeshuka, amepewa kiti, na dada wa jirani anamkaangia viazi. Harudi wiki hii. Labda na ijayo.

Kwa hiyo nimeshinda kila upande. Mke yuko nyumbani. Mpinzani yuko mlimani na jembe langu. Kosa pekee ni kwamba sina wa kucheza naye drafti, na kati ya saa nane na saa kumi sina wa kuongea naye, ndiyo maana naandika kwa kirefu hivi. Saa hizi ni saa nane na nusu. Yuliana amelala. Amegeuka mara moja, akaelekea upande wangu. Najua sababu, na nitamweleza saa kumi kamili.

Nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba nilikuwa sahihi. Utaratibu ndio kila kitu: mashine, nyumba, kifaa, na sura mwisho kabisa. Anayechagua kwa macho atalia.

Sebuleni bado kuna joto. Asubuhi nilipita dukani kumsalimia Drashti, na ndani ya kabati la kioo, pale palipokuwa na yangu, ameweka nyingine. Ya rangi ya dhahabu. Ukingo wake ukizungushwa hausemi kik, unaimba. Drashti kaniona nikiitazama, kasema Mwalimu, tafadhali, hiyo ni ya bwawa la samaki. Sikuona haja ya kubishana naye mbele ya watu. Joto ni joto.

La kufanya leo: kabla duka halijafungwa, nenda ukaichukue ile ya dhahabu.